Daftari la Mlango wa Kanisa

Mchana wa siku moja kabla ya wageni kufika, nilisimama katikati ya ardhi ambayo tulikuwa tumeandika kwenye barua kwamba haina mtumiaji, nikitazama kinyesi cha ng'ombe kinachotoa mvuke. Ulikuwa mwezi wa saba, na huku juu Ufipa mwezi wa saba kitu chochote chenye joto hutoa mvuke, hata mdomo wako ukiongea. Kwa hiyo sikuwa na pa kujidanganya. Ng'ombe walikuwa wamepita hapo muda si mrefu, na hawakuwa maksai wawili wa kukokota jembe. Lilikuwa kundi zima. Njia yao ilikuwa imechimbika hadi magotini, ikapita kati ya vigingi viwili tulivyovipaka rangi nyekundu wiki iliyotangulia, ikaendelea mpaka kwenye kijito.

Siku tulipochomeka vile vigingi niliiona ile njia. Nikadhani ni mfereji wa mvua.

Tulichokuwa tunakitaka kinaelezeka kwa maneno machache. Tulitaka serikali ijenge chuo cha taifa cha utumishi wa umma, ambako kila kata ingepeleka kijana mmoja asome bila ada, afundishwe kazi za ofisi ya umma, kuanzia kutunza jalada hadi kumsikiliza mtu aliyesimama dirishani, kisha arudi kutumikia kijijini kwa miaka mitano. Na tulitaka chuo hicho kijengwe huku kwetu, si kwingine. Tulikuwa watu wachache tu, hakuna aliyetutuma wala aliyetulipa. Tulikuwa tumeandika barua, tukapita shuleni na magulioni, tukaongea mpaka sauti zikakauka. Hatimaye tukajibiwa kwamba timu ya kukagua maeneo ingepita kwetu. Kijiji kimoja ng'ambo ya mji mdogo wa Chala kikakubali kutoa ardhi. Sharti lilikuwa moja: eneo lisiwe na mgogoro, na kila kaya ya kijiji iwe imesaini kwamba imeridhia.

Kazi ya kukusanya saini nilipewa mimi.

Mimi shule niliiacha kidato cha pili na mpaka wakati huo nilikuwa sijawahi kukaa mahali zaidi ya mavuno mawili. Nimechoma matofali, nimeuza mkaa, nimetengeneza baiskeli pale Mazwi, mjini, chini ya turubai. Kasesya, mpakani, nilikuwa mpakia mizigo mpaka siku nilipomsaidia dereva mmoja kujaza fomu zake, na baada ya hapo madereva wakawa wananitafuta mimi badala ya kuhangaika wenyewe. Napenda fomu. Najua si jambo la kujisifia, lakini fomu ni kama nyumba ya mtu: ukisoma maswali yake unajua mwenye nyumba anaogopa nini. Huyu anaogopa kuibiwa, yule anaogopa kulaumiwa.

Niliingia kwenye shughuli hii kwa sababu ya upepo. Nilijibanza kwenye kibaraza cha fundi cherehani pale Mazwi, na ndani kulikuwa na mama mmoja mstaafu, alikuwa karani wa masjala maisha yake yote ya kazi, anawaambia watu watano au sita habari za chuo.

"Mtendaji analetwa huku Jumatatu," alikuwa anasema. "Jumatano anauliza blanketi zinauzwa wapi. Ijumaa anaandika barua ya uhamisho. Sasa kijiji kinabaki na nani? Kinabaki na kufuli."

Watu walicheka. Mimi nilicheka nikiwa nje, akanisikia.

"Wewe unayecheka dirishani, ingia. Unajua kusoma?"

"Najua, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Shika hili faili, nisomee ukurasa wa mwisho. Macho yangu yamechoka."

Nilisoma ukurasa wa mwisho, kisha nikarudi nyumbani nalo, nikasoma kurasa zote. Ndivyo nilivyobaki.

Saini tulizikusanya kwa njia ambayo kila mtu aliiona ni ya akili. Kwetu ukitaka kuwapata watu wote unasubiri misa iishe. Jumapili mbili mfululizo niliweka meza mlangoni mwa kanisa la kijiji, daftari juu, pedi ya wino pembeni kwa wasiojua kuandika. Wale wakulima wa mahindi na ulezi walitoka wakiwa wamevaa makoti yao, wakapanga foleni bila hata kusukumana. Kila jumuiya, yaani kile kikundi cha nyumba jirani zinazosali pamoja, ilikuwa na kiongozi wake aliyesimama karibu na meza akiwajua watu wake wote kwa sura.

"Jumuiya yangu imebaki nyumba moja tu," mmoja aliniambia. "Huyo ana mgonjwa. Nipe daftari nimpelekee."

Akaenda kwa miguu, akarudi na dole gumba la yule mtu. Uaminifu wa namna hiyo sijauona mahali pengine. Jumapili ya pili, viongozi wa jumuiya zote walisema wamemaliza, nikafunga daftari. Mwisho wa ukurasa niliandika kwa mkono wangu kwamba kaya zote za kijiji zimeshirikishwa, nikasaini kama shahidi.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya kinyesi kinachotoa mvuke, na nilijua kwamba mwenye ng'ombe hawa hasali pale.

Nikaifuata njia. Nilitembea kama nusu saa, nikapita mikaratusi, nikaona moshi wa mji wa kwanza, halafu wa pili, halafu nikaacha kuhesabu. Ilikuwa miji, yaani maboma, ya wafugaji waliotoka kaskazini, mazizi makubwa ya miti, mashamba ya mahindi nyuma yake. Mbwa walinizingira. Mzee mmoja mrefu, amejifunga shuka juu ya koti, aliwafukuza kwa neno moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Mjini."

"Mjini kuna watu wengi. Wewe ni yupi?"

Akanionyesha kigoda, nikakaa. Mkwe wake alipiga magoti akanipa maziwa mgando kwenye kikombe cha bati. Mzee alisubiri ninywe. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Ni wewe wa vijiti vyekundu."

"Ndiyo, baba. Mimi na wenzangu."

"Ni vya nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, maana nilikuwa nimeshaeleza mara nyingi sana. Kijana mmoja kila kata, bila ada, miaka mitano ya kutumikia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Watumishi wa serikali nawafahamu," alisema. "Nimehamishwa mara tatu na ng'ombe wangu, kila mara na mtu aliyeshika karatasi. Hawa mtakaowafundisha ninyi ndio watanihamisha mara ya nne?"

"Hapana, baba. Ndiyo maana tunataka chuo. Wafundishwe kuuliza kwanza."

"Ahaa. Kuuliza kwanza." Alikitazama kikombe changu. "Na ninyi mlimuuliza nani?"

"Kijiji kizima."

"Na mimi ninakaa wapi?"

Hata leo nikilikumbuka swali hilo masikio yanapata moto. Hakunigombeza. Alisimama akanionyesha kwa fimbo: kule ni kijito, maji pekee yasiyokauka mpaka mvua zirudi. Huku na huku ni mashamba ya watu. Katikati ni njia yake, nayo ingekuwa ndani ya uzio wa chuo.

"Nikizunguka napita kwenye mahindi ya mtu," alisema. "Ng'ombe hajui mpaka. Akila mahindi ya mtu, yule anatoka na panga na vijana wangu wanatoka na fimbo. Nilishayaona huko nilikotoka. Sitaki kuyaona tena."

"Kesho wageni wanakuja saa nne," nilisema.

"Saa nne ng'ombe wangu wanakwenda kunywa. Kila siku."

Nilirudi kijijini nikikimbia. Nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji walikuwa wamekaa uani yeye mwenyewe, mama karani akiwa na faili mapajani, na mwendesha bodaboda wetu kutoka Mazwi, ambaye siku zote hizo alikuwa akitubeba kwa mafuta yake mwenyewe.

"Huyu hapa kiguu na njia," yule wa bodaboda akasema. "Ulipotelea wapi? Tulidhani umeshavuka mpaka."

Nikawaambia kila kitu.

"Hao walikuja juzi tu," mwenyekiti akasema.

"Juzi ya lini, baba?"

Akafikiri. "Miaka kama kumi na miwili."

Yule wa bodaboda akacheka peke yake, kisha akaacha.

Mama karani alikuwa amelifungua daftari. Alipitisha kidole ukurasa mmoja baada ya mwingine. Huyu ni mtu aliyekaa masjala miaka yote hiyo akitafuta jalada lililowekwa mahali pasipo pake, alijua kutafuta. Niliona kidole kikisimama juu ya neno nililoliandika kichwani mwa kila ukurasa: Jumuiya. Jumuiya. Jumuiya.

"Tulihesabu waumini," alisema taratibu. "Hatukuhesabu kijiji."

"Tuwapigie wageni simu, mama, tuombe siku nyingine."

"Hakuna siku nyingine. Wakitoka hapa wanakwenda mkoa mwingine, na kule wana eneo tayari." Akafunga daftari. "Kesho wewe kaa kimya. Wageni wakiondoka tutakwenda kwa wale wazee, tutaongea nao kwa heshima zote, tutawatafutia njia. Lakini kesho kaa kimya."

"Na wakiuliza?"

"Hawatauliza."

"Na wakiuliza, mama?"

"Mwanangu," alisema, "hiyo gari ya kesho nimeisubiri tangu nikiwa kazini. Usinifanyie hivyo."

Mtu hamjibu mama wa namna ile.

Kesho yake ukungu uliondoka mapema. Saa tatu watu walikuwa wamejaa pale kwenye eneo, wanawake wamejifunga vitenge vipya, wazee wamevaa makoti, mabenchi yamebebwa kwa mkokoteni wa maksai kutoka shuleni. Gari mbili ziliingia kabla ya saa nne. Mkuu wa msafara alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya kutembelea porini. Mtu wa viatu vile huwa haishii kwenye meza kuu.

Mwenyekiti alikaribisha. Wazee walipiga makofi taratibu, kama wanavyosalimu wageni. Mama karani alizungumza, na sijawahi kumsikia akizungumza vizuri kama siku ile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya benchi lake nikitazama upande wa mikaratusi. Kila baada ya dakika moja niliangalia simu. Saa nne kasorobo. Saa nne kasoro dakika tano.

"Eneo lina mgogoro wowote?" mkuu wa msafara akauliza.

"Halina," mwenyekiti akajibu haraka.

Mkuu wa msafara akachukua daftari, akafungua, akasoma. Akafika ukurasa wa mwisho.

"Shahidi ni nani?"

Mama karani hakugeuka. Niliona tu mgongo wake ukinyooka.

"Ni mimi," nikasema.

"Saini hizi ulizikusanyia wapi?"

"Mlangoni mwa kanisa."

"Zote?"

"Zote."

"Na hii jumuiya, jumuiya, ndiyo mgawanyo wa kijiji? Hamna vitongoji?"

Watu walianza kunong'ona. Mwenyekiti alisema, "Mheshimiwa, kwetu ni kitu kile kile." Na kweli aliamini hivyo. Sisi sote tuliamini hivyo mpaka jana yake mchana.

Mkuu wa msafara alikuwa ananitazama mimi. "Wewe ndiye uliyesaini. Umeandika kaya zote. Ni zote?"

Ningependa kusema kwamba nilifikiria haki. Nilifikiria kikombe cha bati. Nikafikiria pia kwamba nikisema ndiyo, nitakuwa mtumishi wa kwanza wa chuo chetu, kabla hata hakijajengwa, na nitakuwa wa aina ile ile tuliyokuwa tunaikimbia.

"Hapana," nikasema. "Kuna kaya ng'ambo ya mikaratusi hatukuzifikia. Hapa ndipo ng'ombe wao wanapita kwenda kunywa."

Halafu tukasikia kengele za ng'ombe.

Walitokea kwenye mikaratusi kama kawaida yao, mmoja nyuma ya mwingine, kisha wakapanuka. Mzee alikuwa mbele na fimbo yake mabegani. Alitembea kama mtu anayepita kwake, akaingia kati ya vigingi viwili vyekundu, akapita karibu na magari. Dereva mmoja alikimbilia kufunga vioo. Wanaume kadhaa walisimama, na nikamwona mmoja akiokota jiwe. Mwenyekiti alimshika mkono. Ng'ombe walipita, wengine wakinusa mabenchi, na vumbi likatua juu ya vitenge vipya. Mzee alipofika usawa wa mkuu wa msafara alisimama.

"Mwangaluka," alisema, kisha akatafsiri mwenyewe: "Habari za asubuhi."

"Nzuri, baba. Hawa wako?"

"Wangu na wa ndugu zangu."

"Na hapa ndiyo njia?"

Alitazama chini kwenye ule mfereji uliochimbika. "Mama, wewe unaonaje?"

Akaendelea na safari yake kwenda majini.

Mkuu wa msafara alifunga daftari akamrudishia mama karani kwa mikono miwili. Alisema hawezi kulipokea. Alisema dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi, na kama karatasi zingemfikia kabla ya hapo zikiwa kamili angezisoma kama za wengine, ila hawezi kuahidi kitu. Magari yaliondoka kabla ng'ombe hawajarudi kutoka kijitoni.

Yaliyofuata sitayaeleza yote. Mwanamke mmoja aliniambia, "Umetuuza." Mwingine akaniuliza nimelipwa ndama wangapi. Yule wa bodaboda, mshikaji wangu niliyekula naye sahani moja, aliwasha pikipiki, akampakia mama karani, na nilipoiendea akasema bila kunitazama, "Wewe si mtu wa miguu? Tembea." Nikatembea mpaka Chala.

Siku nne nilikaa kwenye turubai la baiskeli Mazwi nikiwaza kuondoka. Kasesya kulikuwa na kazi. Begi langu huwa halichukui muda kufungwa. Siku ya tano, yule wa bodaboda alisimama mbele ya turubai, injini ikiunguruma.

"Mambo?"

"Poa."

"Mama anasema panda. Anasema uje na daftari jipya, si lile."

"Kwani amesamehe?"

"Sijamuuliza. Kamuulize wewe, si ndiye unayependa kusema kila kitu?"

Alinipeleka mnadani, siku ya kuuza ng'ombe, ambako wafugaji wote huwepo kama wakulima wanavyokuwepo mlangoni mwa kanisa. Mama karani alikuwa amekaa kwenye debe lililogeuzwa, amevaa sweta mbili. Hakunisalimia mpaka niliposema shikamoo mara ya pili.

"Marahaba. Andika juu ya ukurasa: Kaya. Neno hilo tu. Lingine lolote nitalifuta mwenyewe."

Mzee hakusaini siku ile. Wala wenzake hawakusaini, kwa sababu walikuwa wanamtazama yeye. Alisema kesho yake saa nne tuje na vigingi, atatusubiri mikaratusini. Tulikwenda, mimi, mama karani, mwenyekiti, na wakulima wachache waliokuja zaidi kuona kama tutafukuzwa. Mzee akawaachia ng'ombe. Akasema tusipime kwa kamba. Tuwafuate ng'ombe kwa nyuma, na pale mguu wa ng'ombe wa pembeni kabisa unapokanyaga, ndipo kigingi kiingie.

Mwenyekiti alilalamika kwamba njia itakuwa pana mno, chuo kitabaki na nini.

"Kundi likienda na kundi likirudi yakutane wapi?" mzee akauliza. "Juu ya mahindi yako?"

Mwenyekiti akachukua nyundo. Nilimwona akipiga kigingi cha kwanza mwenyewe, amepiga magoti kwenye samadi na suruali yake ya mikutano. Kazi ilichukua asubuhi nzima. Mara mbili ilibidi tung'oe kwa sababu ng'ombe mmoja alichepuka pembeni na mkulima mmoja akasema huyo ametumwa, na wote wawili, mkulima na mzee, wakabishana mpaka nikaogopa. Mwisho tulikuwa na mistari miwili ya vigingi vyekundu kutoka mikaratusini hadi majini, imepinda kama ng'ombe walivyopinda.

Hapo mzee akaweka dole gumba kwenye pedi, akalibonyeza kwenye daftari, akalitazama muda mrefu. Akaniuliza jina lake nimeliandikaje. Nikamsomea herufi moja moja.

Wafugaji wengine wakafuata kusaini, na faili tulilipeleka siku ya mwisho. Mama karani aligoma kutoka dirishani mpaka alipouona mhuri na tarehe, kisha akamwambia yule binti aliyepokea kwamba wino wa mhuri wake umeanza kufifia, aongeze. Jibu bado halijaja. Wapo wanaosema mkoa ule mwingine umeshapata, wapo wanaosema bado wanasoma. Kijijini bado wapo wasionisalimia.

Nimekaa Mazwi mavuno ya tatu sasa. Kila nikipata usafiri wa Chala naenda mpaka pale. Rangi imeanza kubanduka kwenye vigingi, lakini havijang'olewa hata kimoja, si na wakulima wala si na ng'ombe. Saa nne inapofika nasogea pembeni.